Mtoto wa Shilingi Mia

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilichapisha Tangazo la Serikali Na. 279, lililokusanya kanuni za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Humo mlikuwa na kifungu kifupi kuhusu mtoto wa binti asiyeolewa. Mtoto huyo ni wa ukoo wa mama yake. Baba akimtaka, na hana nia ya kumwoa mama, anaweza kumchukua kwa kulipa shilingi 100 kwa wazee wa binti, ilimradi alipe kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Akishaachishwa, nafasi imepita.

Shilingi 100 za wakati ule hazikuwa fedha ya kuchezea. Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, kwa hiyo kibarua wa kima hicho angetoa theluthi mbili ya jasho lake la mwezi mzima. Lakini tazama fedha yenyewe inakokwenda. Inapokelewa na babu. Mama aliyebeba mimba hana fungu. Wala kifungu hakisemi neno juu ya uji wa mtoto, nguo zake au ada ya shule. Wazee walioulizwa mila zao walishughulika na swali moja tu, kwamba mtoto ni wa nani. Swali la nani anamlisha halikuwasumbua, maana jibu lake lilikuwa pale pale uani: shamba lililowalisha wajukuu wengine lingemlisha na huyu.

Maswali hayo mawili yalikaa pamoja kwa vizazi vingi. Historia ya mama anayelea bila mume katika nchi zetu, kwa jinsi ninavyoiona, ni historia ya maswali hayo kuachana.

Zamani yenyewe haikuwa ya namna moja. Kwa Waluguru wa milima ya Uluguru, kama kwa Wamakonde na Wayao wa kusini, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Huko mume angeweza kuja na kuondoka, mtoto asipungukiwe jina wala shamba, kwa sababu vyote viwili vilitoka upande ambao haukuondoka. Kwa Wakuria wa Mara kulikuwa, na bado kuna, nyumba ntobhu: mwanamke mwenye ng'ombe asiye na mtoto wa kiume anamtolea mahari msichana, na watoto atakaozaa msichana huyo wanakuwa wa nyumba ya huyo bibi. Mwanamume aliyesaidia kuwapata hana madai. Sisemi kwamba nyumba ntobhu ni pepo ya wanawake. Wasichana wengi wametolewa humo wakiwa wadogo na bila kuulizwa. Ninachosema ni kwamba mtoto asiye na baba anayetajwa alikuwa na mahali pake palipotayarishwa kabla hajazaliwa.

Pwani palikuwa na utaratibu mwingine. Sheria ya Kiislamu ilimpa mtalaka haki zake: eda, kisha malezi ya watoto wadogo, na matumizi ya watoto hao juu ya shingo ya baba. Talaka zilikuwa nyingi, na mwanamke aliyeachika mara mbili au tatu hakuwa kioja mtaani. Kwa mtoto wa ndani ya ndoa wazee walisema kitanda hakizai haramu, na mjadala ukafungwa. Yule wa nje ya kitanda alihesabiwa kwa mama yake peke yake, bila nasaba ya baba na bila urithi wake. Utumwa nao ulichanganya mambo. Mtoto wa suria aliyetambuliwa na bwana wake alikuwa huru na mrithi. Masultani kadhaa wa Unguja, akiwamo Barghash, walizaliwa na masuria. Amri ya kukomesha utumwa Unguja ilipotoka mwaka 1897 iliwaacha masuria kando, nao wakangoja hadi 1909. Mwanamke aliyetoka utumwani akiwa na mtoto mgongoni alikuwa labda ndiye mama wa kwanza mpweke kweli kweli katika historia yetu, kwa sababu hakuwa na babu wa kumrudishia mtoto wala mjomba wa kumwombea shamba.

Huko bara binti aliyezalia nyumbani alikuwa na njia inayojulikana. Wazee walitoza faini, mara nyingi ya mbuzi au ng'ombe, na sehemu nyingine adhabu ilikuwa kali kuliko hiyo, hasa kama binti hajapita unyagoni. Kisha aliolewa, mara nyingi kwa mahari pungufu au na mtu mzima mwenye wake wengine. Mtoto alibaki kwa babu na bibi. Hapa ndipo nisipokubaliana na wale wanaosifu mila kwamba hakuna mtoto aliyekosa kwao. Ni kweli hakukosa kwao. Alikosa mama. Waulize watu wa rika la miaka sabini wangapi walilelewa na bibi huku mama yao akiwa ameolewa vijiji vitatu mbele, akija kuwaona kama mgeni, na utapata jibu lililo refu kuliko ulivyotarajia.

Kilichoanza kuvunja utaratibu huo kilikuja na kodi. Kodi ya kichwa ililipwa kwa fedha, na fedha zilikuwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, migodini na reli. Wanaume wa Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi walisombwa kama manamba kwa mikataba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuajiri, SILABU, na malori na mabehewa yakazidi kujaa. Wengi walirudi. Wengine walioa Korogwe au Muheza na barua zikakatika. Mwanamke aliyebaki kijijini hakuwa mjane wala mtalaka. Alikuwa mke wa mtu asiyeonekana, analima peke yake, analea peke yake, na hawezi kuolewa na mwingine kwa sababu ng'ombe wa mahari bado wako zizini kwa baba yake. Daftari la mkoloni lilimhesabu kuwa ameolewa.

Wanawake nao wakaondoka. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliingia mjini Unguja mwaka 1911, akakaa Ng'ambo, akiwa ameshaolewa na kuachika. Kijijini alikuwa akiuza vyungu. Mjini akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na katika kumsifu alitaja bila kuficha dharau aliyopigwa nayo kwa kuwa mtu wa shamba asiye na sura wala ukoo mkubwa. Umaarufu wake ni wa peke yake, lakini safari yake ya kutoka shamba kwenda mjini baada ya ndoa kuvunjika ilikuwa ya wanawake wengi sana.

Nairobi walifika Pumwani, mtaa uliopimwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika. Wanawake waliokuwa na akiba walijenga vyumba vya udongo, wakapangisha, wakauza pombe na chakula, na wengine wakauza miili yao. Mtafiti Luise White, aliyewahoji wazee wa mji huo na kuchapisha kitabu mwaka 1990, alionyesha kwamba fedha hizo hazikuteketea. Zilijenga nyumba. Sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake, wengi wao waliosilimu na kujitengenezea udugu mpya mjini, wakalea watoto wa kuzaa na wa kuokota, na kuwaachia urithi. Wanawake wa Kihaya wa Bukoba walifanya safari kama hiyo kwenda Kampala na Nairobi, na kuna waliorudi na fedha wakanunua vibanja walivyonyimwa na mila za kwao. Machifu walilalamika kwa wakoloni, na wakoloni wakajaribu kuwazuia wanawake kusafiri peke yao. Nguvu iliyotumika kuwazuia ni nyingi mno kwa kundi lililokuwa likiitwa dhaifu.

Dar es Salaam ilizaa kisa cha kisiasa. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, akaozwa akiwa na umri wa miaka kama 14 kwa mtu aliyemzidi sana, akapata binti mmoja, Halima, na akaachwa. Baadaye aliolewa tena. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotafuta mwanamke wa kuongoza tawi la akina mama, ndiye aliyepatikana, akiwa tayari mwimbaji maarufu wa vikundi vya ngoma. Aliwaendea wanawake wa vikundi hivyo, na kadi zikauzwa kuliko wanaume walivyotegemea. Susan Geiger, aliyehoji wanawake wa TANU na kuandika kitabu mwaka 1997, aligundua jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji: wanawake hao wa kwanza wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa walikuwa Waislamu wa umri wa makamo, wauza maandazi, vitumbua na pombe, na wengi wao watalaka. Walikuwa na muda wao, fedha zao na miguu yao. Mke wa karani, aliyesomeshwa na misheni, alihitaji ruhusa ya kutoka nje. Nadhani uhuru wa Tanganyika unadaiwa na wanawake walioachika kuliko tunavyopenda kukiri.

Uhuru ulipokuja sheria zilikuwa mbili, na zilimtazama mwanamke kwa macho tofauti kabisa. Nimeshataja ile ya mila. Ndani ya tangazo lile lile la 1963 kuna kanuni nyingine ya kushangaza: mwanamume aliyetajwa na mwanamke kuwa ndiye baba wa mtoto hana ruhusa ya kukana, isipokuwa athibitishe kwamba hakulala naye. Neno la mwanamke linatosha, na mzigo wa kujitetea uko kwa mwanamume. Upande wa pili palikuwa na sheria ya matunzo ya watoto wa nje ya ndoa, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1949 kwa mfano wa kwao. Hiyo haikumwamini mwanamke. Alitakiwa kwenda kwa hakimu kabla ya kujifungua au ndani ya mwaka mmoja baada yake, na maneno yake yalihitaji ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Sijui mwanamume gani hualika mashahidi katika shughuli hiyo. Akishinda kesi, kiwango cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi.

Shilingi mia ile ile. Ilibaki ndani ya sheria hiyo hadi ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wakati huo shilingi 100 haikumtosha mtu mzima nauli ya daladala ya kwenda mahakamani kuidai. Shilingi iliporomoka, nyumba zikapanda kodi, ada zikarudi shuleni, na mabunge yakapita moja baada ya jingine bila kuigusa. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo kwa mengine ilikuwa ya kijasiri, iliweka kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili wakajulikana kama mke na mume wachukuliwe kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Hilo liliwasaidia wengi waliofukuzwa na wanaume waliozaa nao. Yule aliyepewa mimba na mtu asiyekaa naye alibaki na shilingi mia yake.

Kenya ilifanya kinyume, na haraka. Sheria ya matunzo kama ile ya 1949 ilikuwapo huko tangu 1959. Mwaka 1969 Bunge lisilokuwa na mwanamke hata mmoja liliifuta. Wabunge walidai kwamba wasichana wamegeuza watoto kuwa biashara, kwamba binti mmoja anakusanya matunzo kwa wanaume watatu, na kwamba sheria yenyewe ni ya kigeni. Hoja ya mila ilitumiwa na watu waliokwisha kuacha kulipa faini za mila. Ng'ombe wa babu alikuwa ameondoka, na sasa hakimu naye akaondolewa. Kwa miaka zaidi ya thelathini mwanamke wa Kenya aliyezaa nje ya ndoa hakuwa na mlango wa kubisha, labda ule wa huruma ya mwanamume mwenyewe.

Sheria ya Watoto ya 2001 iliahidiwa kuwa dawa, lakini ikaandika waziwazi kwamba wazazi wakiwa hawajaoana, mama ndiye mwenye wajibu wa mtoto mwanzoni. Baba anaweza kuupata wajibu huo kwa kuomba mahakamani au kwa makubaliano. Wajibu wa kuomba! Waliopinga mahakamani walishindwa mwaka 2006. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndiyo iliyokata mzizi: mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Baada ya hapo Mahakama Kuu ikavitupa vifungu vya zamani mwaka 2013, na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kesi ya cheti cha kuzaliwa. Kwa sheria ya usajili, jina la baba asiyeoa halikuandikwa bila yeye mwenyewe kukubali, na katika nafasi yake maofisa walijaza alama za X. Vizazi vya Wakenya vilijiandikisha shule, vikaomba pasipoti na vikafunga ndoa kwa karatasi yenye X mahali pa baba. Jaji alisema hilo linakiuka katiba. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 imesimama juu ya msingi huo.

Zanzibar ilikuwa na ukali wa aina yake. Sheria ya mwaka 1985, ambayo kwa jina lake ilikusudiwa kuwahifadhi wari, wajane na watalaka, iliruhusu mwanamke asiye na mume aliyepata mimba afungwe jela hadi miaka miwili. Hifadhi gani hiyo, msomaji ataamua mwenyewe. Ilifutwa mwaka 2005 na kubadilishwa na nyingine iliyoondoa kifungo na kuweka utumikiaji jamii. Katikati ya miaka hiyo ishirini wako wanawake waliojifungua wakiwa wafungwa, na watoto wao leo ni watu wazima wanaotembea Darajani na Michenzani.

Wakati wanasheria wakibishana, shule ilikuwa imeshazaa aina mpya kabisa ya mama. Bibi yake aliyepata mimba akiwa na miaka 16 alikuwa mwali aliyekawia au aliyewahi, jambo la wazazi na mshenga. Mjukuu wa umri huo huo ni mwanafunzi, na mimba yake ni suala la mwalimu mkuu, bodi na polisi. Mabinti walifukuzwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na kanuni za elimu za Tanzania za mwaka 2002 zikalipa jambo hilo sura ya kisheria kwa kulihesabu kosa dhidi ya maadili. Shule nyingi ziliwapima wasichana mimba kwa zamu, kama wanavyokaguliwa chawa. Kenya ilifungua mlango wa kurudi mwaka 1994, ingawa walimu wengi hawakuusukuma. Tanzania Bara ilichelewa zaidi. Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Mabinti wa miaka hiyo walitafuta vyerehani, saluni, kazi za ndani, au masomo ya jioni ya kulipia. Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaruhusiwa, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukafuata. Ruhusa haikuja na mtu wa kubaki na mtoto wakati mama yuko darasani. Kwa mara nyingine akatafutwa bibi.

Na hapa inabidi nisimame kidogo kwa bibi. Katika kila hatua ya habari hii serikali, mila na dini zilimsaka mwanamume wa kumbana: babu apokee ng'ombe, baba atoe matumizi, mshitakiwa alipe mia. Kazi yenyewe ya kuosha, kulisha, kubeba usiku mtoto mwenye homa, ilifanywa na mama wa mama. Ukimwi ulipoingia Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, vijiji vizima viliachwa na mabibi na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimezikwa migombani. Wataalamu walishangaa jinsi familia zilivyostahimili. Wanakijiji hawakushangaa, mabibi walikuwa wamezoea kulea. Katika makaratasi yote niliyoyataja hapo juu, kuanzia tangazo la 1963, bibi hana fungu wala posho.

Ndiyo maana naona kilicho kipya kwa mama wa leo ni umbali wake na bibi kuliko kukosa mume. Miaka ya 1980, uchumi ulipoanguka na wanaume wakapunguzwa kazini, wanawake wa mijini waliingia mtaani na sufuria, na mama ntilie wakaanza kulisha miji. Wengi walikuwa wakilea peke yao hata kama mume yuko ndani amelala. Lakini waliishi nyumba za familia, uani kuna shangazi, jirani anamjua mtoto kwa jina la babu yake. Mjukuu wao amepanga chumba na sebule Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, analipa kodi, na mtoto anabaki na dada wa kazi. Dada huyo naye, ukimuuliza polepole, mara nyingi ana mtoto wake Singida au Kakamega anayelelewa na bibi. Wengine wamekwenda mbali zaidi, Oman na Saudi Arabia, kulea watoto wa watu na kutuma fedha za kulea wao. Babu zao walikwenda Tanga kama manamba wakawaacha wake. Safari hii mwenye mkataba ni mama.

Idadi nayo imepanda kiasi cha kuifanya hali hii kuwa ya kawaida. Utafiti wa Shelley Clark na Dana Hamplová, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba nchini Kenya karibu wanawake 6 kati ya 10 hupitia kipindi cha kulea bila mume kabla ya kufika miaka 45, wakihesabiwa pamoja wasioolewa, watalaka na wajane. Jambo linalowapata zaidi ya nusu ya wanawake huwezi kuliita mkosi wa wachache. Aibu imepungua mjini, na jina jipya la mtaani, singo maza, linatamkwa kwa kejeli na wengine na kwa majigambo na wengine. Wapo siku hizi wanawake wenye kazi zao walioamua kuzaa bila kungoja mchumba, na mama zao, baada ya kununa mwezi mmoja, wameshika beleko.

Aprili 2018 Dar es Salaam iliona yote haya kwa siku chache. Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa, aliwaita ofisini kwake wanawake waliotelekezwa na waliozaa nao. Walikuja maelfu, watoto wamebebwa, wakakaa chini wakingoja wanasheria na maofisa wa ustawi wa jamii. Magazeti yaliandika kwamba miongoni mwa waliotajwa walikuwamo wanasiasa. Watetezi wa haki walilalamikia faragha ya watoto waliopigwa picha, na lalamiko lao lilikuwa la haki. Mkusanyiko ule ulionyesha hata hivyo jambo moja bila ubishi: miaka tisa baada ya Sheria ya Mtoto kupitishwa, maelfu ya wanawake wa jiji kuu la biashara walikuwa wanangoja kuitwa na mkubwa ili wadai kilichokuwa tayari haki ya watoto wao. Walikuwa na simu mkononi, na mwanamume yuko umbali wa ujumbe mmoja wa M-Pesa. Naye hubadilisha laini.

Pwani ya Kenya mjadala mpya umefunguka juu ya urithi. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumnyima mtoto wa baba Mwislamu urithi kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa ni ubaguzi usiokubaliwa na katiba. Wanazuoni wengi wameupinga uamuzi huo kwa nguvu, na hoja zao za kifiqhi ni nzito kwa wanaozifuata. Sioni mjadala huo ukiisha upesi. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, unaendeshwa kwa kuanza na mtoto badala ya kitanda.

Kwa mama anayesoma haya Tanzania Bara, ule ukomo wa mwaka mmoja wa sheria ya 1949 haupo tena. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu ombi la kumthibitisha mzazi kabla mtoto hajazaliwa na wakati wowote kabla hajatimiza miaka 18. Hata baada ya hapo inawezekana kwa ruhusa ya mahakama, na kama baba amefariki, ndani ya miaka mitatu tangu kifo chake. Mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Matunzo hayana tena kiwango cha shilingi mia. Hakimu hutazama kipato cha wazazi wote wawili na mahitaji ya mtoto. Mlango wa kuanzia ni ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na ofisa huyo mwenyewe ana mamlaka ya kufungua ombi. Nenda na cheti cha kuzaliwa na ujumbe wowote wa simu ulioutunza, na akikuambia mtu kwamba umechelewa kuomba mzazi athibitishwe, mwambie akuonyeshe kifungu.